Toa Gari au Toa Pesa? Mjadala wa Subaru ya Embu

Swali ni fupi. Mtu wa Embu ana Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 1998, rangi ya buluu, rimu za dhahabu, iliyotoka Japani ikiwa bado changa na kusajiliwa Kenya wakati ambapo kila mtu aliiona kuwa gari la mwendo kasi tu. Leo wakusanyaji wa magari duniani wanazitafuta za aina hiyo kwa udi na uvumba. Mwenyewe amefika umri wa kugawa mali, na anataka gari hilo liwafae watoto wa kituo kimoja cha mayatima. Je, akabidhi funguo na logbuku? Aliuze kwanza, apeleke pesa? Au kuna njia nyingine?

Watu watano wanaozungumza hapa nimewaunda mimi, lakini hoja zao ni zile ninazozisikia kila gari la namna hii linapotajwa, kuanzia kwenye gereji za Embu mjini hadi kwenye vikao vya kamati za kanisa. Nami nitaingia kati pale nitakapoona hoja inapita bila kuulizwa. Nina upande wangu, na sitaki kuuficha.

MWENYE GARI: Mapenzi yangu kwa Subaru yalianza mwaka 1993, Patrick Njiru alipoimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc mia saba, huku magari makubwa yakivunjikia njiani. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari yenyewe kwa Impreza. Nikajiambia, siku moja nitakuwa nayo, na Mungu akanijalia. Nimeiendesha, nimeitunza, sijagongana nayo hata mara moja. Sasa goti linakataa klachi. Watoto wangu wana magari yao. Nataka nitoe kitu nilichokipenda, nikitoe chenyewe, si bei yake.

MWEKA HAZINA: Mzee, asante sana, na Mungu akuzidishie. Lakini daftari la kituo nalishika mimi, kwa hiyo niruhusu niseme kabla hatujapiga makofi. Siku tutakayolipokea gari hilo, itabidi lihamishwe kwa jina la kituo kule NTSA, mamlaka ya usafiri. Tulikatie bima. Tulitafutie pa kulala, maana uwanja wetu una ua wa michongoma tu. Mtoto akiugua usiku, nani atashika usukani wake? Dereva anayejitolea kwetu amezoea Toyota Probox. Na tukisema tuliuze, nani kati yetu anaijua bei yake? Dalali wa kwanza kufika atatazama mwaka wa kutengenezwa, atatikisa kichwa, atasema ni gari kuukuu, atataja bei ya Subaru yoyote ile, nasi tutamshukuru kwa kutuondolea mzigo.

Hapo, kwangu mimi, ndipo penye uzito wa mjadala mzima. Kuna vitu ambavyo thamani yake huonwa na macho machache. Ukimpa mkungu wa ndizi mtu mwenye njaa, anajua mara moja alichopewa. Ukimpa STI ya 1998 mama anayepika uji wa watoto asubuhi, umempa kitendawili, na atakayekitegua ni yule anayesimama katikati akisubiri tofauti ya bei. Mwenye gari ana nia safi kabisa. Ila nia safi haimfundishi mweka hazina kusoma namba ya chesisi.

FUNDI: Dalali huyo namjua, na hayuko peke yake. Hebu nifungue boneti, msogee. Hiki kilicholala juu ya injini ni intakula, inapozwa na upepo unaoingia kupitia pua hii ya boneti. Chini yake ni EJ20, lita mbili, silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku, mbili kule. Sasa angalieni nyuma kabisa, kwenye ukuta wa chuma unaoitenga injini na dashibodi. Namba zimegongwa hapa, zinaanza na GC8. Na hiki kibati kidogo kina aina ya gari na namba ya rangi iliyotoka nayo kiwandani. Mnunuzi anayejua atakuja na tochi, na ataanza hapa. Redio hataitazama. Atauliza kama injini ni ileile ya mwanzo, kama giaboksi imewahi kubadilishwa, kama mlango uliwahi kupakwa rangi upya. Kila jibu litapandisha au litashusha bei.

Tena kuna jambo ambalo Mzee mwenyewe halitaji. Vijana wengi walizing'oa spea za asili wakafunga eksozi za kelele na usukani wa duka. Yeye alibadilisha eksozi tu, na ile ya kiwandani ameihifadhi stoo, imefungwa kwa gunia, pamoja na kitabu cha gari cha Kijapani ambacho hakuna kati yetu anayeweza kukisoma. Kwa mkusanyaji, gunia hilo ni pesa. Kituoni lingeuzwa na vyuma chakavu kabla ya mwezi kwisha.

MWENYE GARI: Basi nitawapa na gunia.

FUNDI: Mzee, nisikilize. Liegeshe gari hili chini ya mparachichi kwa miezi sita, mvua za Aprili zikiwemo. Petroli itachacha. Tairi zitapata bapa. Panya watatafuna nyaya. Halafu usiku mmoja mtu ataruka ua wa michongoma, na asubuhi mtakuta kompyuta ya injini haipo. Gari la kamati huwa halina mtu wa kuliumia moyoni. Nimeona mabasi mawili ya shule yakioza hivyo, na yale yalikuwa na kazi ya kufanya kila siku.

MWALIMU: Mmezungumza bei mpaka nimechoka. Mimi nilifundisha historia, na hili ni somo la historia. Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilipokuwa ile Safari ndefu, njia iliwahi kuuzunguka Mlima Kenya, magari yakapita upande wetu huu wa Embu na Meru, tukasimama kando ya barabara tukiwa watoto, tope likitufika usoni. Ni kwenye barabara hizo Wajapani walikojijengea jina. Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun mwaka 1970, akarudia 1971 kwa 240Z. Shekhar Mehta alishinda 1973, kisha mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Nawauliza: ile 240Z ya 1971 iko wapi leo? Iko Zama, Japani, kwenye ghala la Nissan la magari ya kumbukumbu. Wenye barabara ni sisi, wenye gari ni wao.

MWENYE GARI: Lakini hili langu halikushinda chochote, Mwalimu.

MWALIMU: Halikushinda, najua. Ni la ukoo uleule. Na likivuka bahari halirudi, kwa sababu kanuni zetu za uagizaji hazikubali gari lililozidi miaka minane. Yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo, hayataongezeka. Kama ni kulitoa, litolewe kwa chuo cha ufundi hapa kaunti, vijana wajifunze kwalo.

FUNDI: Mwalimu, kwa heshima, vijana wajifunze kwa Probox na Fielder. Ndizo watakazoletewa gereji kesho. Wakilifungua hili kujifunza, baada ya muhula mmoja halitakuwa gari wala historia.

Hapa nakubaliana na Fundi, ingawa moyo unaniuma. Chuo ambacho hakina fungu la kununua spea kitaligeuza gari hili kuwa kielelezo kilichotenganishwa vipande vipande kwenye karakana. Lakini uchungu wa Mwalimu si wa kupuuzwa. Magari mashuhuri yameshindana katika nchi hii kwa zaidi ya nusu karne, na tumehifadhi machache mno. Anayetoa zawadi kwa watoto haibi kitu, ila na yeye anaweza kuondoa jambo ambalo hatukujua kuwa lilikuwa letu sote.

BINTI: Nami niseme, maana Baba ameniita. Mwalimu ametaja miaka minane. Marekani sheria yao imesimama upande wa pili: gari likitimiza miaka 25 tangu litengenezwe, linaruhusiwa kuingia bila masharti ya usalama wanayoyawekea magari mapya. Gari la 1998 lilivuka mstari huo mwaka 2023. Uzee unaolifungia mlango Mombasa ndio unaolifungulia kule. Na wanalipa. Mwaka huohuo wa 2023, Nissan Skyline GT-R R34 iliyoendeshwa na Paul Walker kwenye sinema iliuzwa kwa mnada wa Bonhams kwa dola 1,357,000. Na kuhusu hisani, Januari 2019 kule Scottsdale, Arizona, Toyota GR Supra ya kwanza kabisa kutoka kiwandani ilinadiwa kwa dola milioni 2.1, na pesa zikaenda kwa wakfu wa ugonjwa wa moyo na ule wa kusaidia wanajeshi waliojeruhiwa. Mwaka 2016 Acura NSX ya kwanza ya toleo jipya ilileta dola milioni 1.2 kwa njia hiyohiyo. Kwa nini hisani ya Embu iishie kwenye bei ya dalali?

MWEKA HAZINA: Milioni mbili za dola! Mwanangu, usiwaambie watoto wetu hesabu hiyo.

Hesabu hiyo inahitaji kuangaliwa pole pole. Supra ile ilikuwa namba moja, imetolewa na kampuni yenyewe, ukumbi umejaa matajiri waliokuja wakiwa tayari kuonekana wakitoa. Skyline ilibeba jina la mwigizaji aliyependwa na ambaye amekwisha kufa. Subaru ya Mzee haina namba moja wala sinema. Itafika bei ya gari adimu lililotunzwa vizuri, nayo si haba, lakini si ya kuotea ndoto. Mimi naona funzo la Scottsdale liko mahali pengine kabisa. Wagonjwa wa moyo hawakupelekewa gari. Hakuna muuguzi aliyeitwa kuja kutia saini logbuku. Mtoaji na mnadi walibeba kila kitu: usafi, hati, ukaguzi, wateja, ubishi wa bei. Upande wa hisani ukapokea pesa. Hilo halihitaji Arizona. Linaweza kufanyika Embu, kwa gari la bei yoyote.

MWENYE GARI: Kama ni mnada, sisi tunaujua tangu zamani. Tuliweke mbele ya kanisa Jumapili ya mavuno.

Ndiyo, tunaujua. Asiyewahi kuuona mnada wa kanisani sehemu hizi amekosa kitu. Jogoo amefungwa miguu, anashikwa juu na kijana wa kwaya. Mnadi anaanza na mia tano. Kina mama wanapandisha. Mzee wa kanisa anafikisha elfu mbili, analipa, kisha anamrudisha jogoo mezani auzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tatu kabla ya kupata wa kumpeleka nyumbani. Mnada huo unafanikiwa kwa sababu kila aliyepo anaijua bei ya jogoo sokoni, na kila anayeizidisha anajua kwamba ile ziada ndiyo sadaka yake. Hakuna anayedanganyika.

Weka sasa Subaru ya mamilioni mbele ya waumini walewale. Wengi watanyamaza. Watakaosema ni wawili au watatu, na tunajua ni wa aina gani: wanasiasa.

MWEKA HAZINA: Niseme wazi, naogopa ahadi. Nimeandika ahadi nyingi kwenye daftari hili ambazo mpaka leo zimebaki wino. Hata Rais alipotangaza Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee, mimi nilipumua. Sitaki gari la watoto liwe jukwaa la mtu.

MWALIMU: Basi lisiuzwe. Libaki la Mzee, lakini lichange. Mbona Rhino Charge imefanya hivyo tangu 1989? Watu huingia porini na magari yao, na kila timu huleta michango. Pesa zimejenga uzio wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009, na sasa uzio wa Mlima Kenya, msitu huu ulio juu ya vichwa vyetu. Muulize mkulima anayelima ukingoni mwa msitu, ambaye ndovu aliwahi kumalizia shamba kwa usiku mmoja, kama uzio ule haukumfaa. Wala hakuna dereva aliyetakiwa kutoa gari lake. Wapenzi wa Subaru nchini wana misafara yao. Mzee awaite Embu kila mwaka, gari lioneshwe, walipe kiingilio, watoto wapate karo.

Nimelipima wazo hili mara nyingi, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote masikioni. Rhino Charge ina kamati, wafadhili na wahasibu wa miaka mingi. Hapa tuna mzee mmoja mwenye goti bovu. Mwaka wa kwanza watu watakuja. Mwaka wa nne nani ataandika barua za mwaliko? Fadhila inayotegemea pumzi ya mtu mmoja huwaacha watoto wakiwa wamezoea kitu kilichokoma.

MWEKA HAZINA: Na mimi nina woga mwingine. Misafara hiyo itapita barabara ya Meru. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka kwenye daraja la Nithi, zaidi ya watu thelathini wakafa. Baadhi ya tuliokuwa tukiwazika waliacha watoto. Sitaki jina la kituo changu libandikwe ubavuni mwa gari ambalo vijana watalifukuza kwenye mteremko ule.

Kisha kuna jambo ambalo hamjaliuliza. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwaondoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwa familia na jamii. Kituo chetu nacho kinabadilika. Watoto kadhaa tayari wako kwa nyanya zao, Mbeere na Runyenjes. Kazi yetu sasa ni karo, sare, nauli ya kwenda kuwatazama, chakula cha nyanya mwenyewe, maana mtoto hakai vizuri katika nyumba ambayo mlezi analala njaa. Mzee, ukitupa gari, huenda likadumu kuliko kituo. Ukitupa pesa, naweza kuzipangia kwa mtoto mmoja mmoja mpaka amalize shule, na nikuonyeshe risiti.

MWENYE GARI: Hilo la nyanya sikulijua.

MWEKA HAZINA: Hakuna aliyekuja kuuliza, Mzee. Watu huja na zawadi ikiwa tayari imefungwa.

Hiyo ndiyo sentensi ningependa kila mtoaji aisikie. Wanaotoa magari, kompyuta zilizochoka, nguo za sherehe, mara nyingi huchagua kwanza kitu, kisha hutafuta wa kukipokea. Upendo wa mwenye gari kwa gari lake ni wa kweli, lakini hauhamishiki pamoja na logbuku. Kinachoweza kuhamishwa ni thamani, na kazi ya kuitoa thamani hiyo ndani ya chuma ni ya yule anayekijua chuma. Yeye ndiye anayejua lilinunuliwa wapi, lilibadilishwa nini, hati zake ziko kabati gani. Akiifanya kazi hiyo mwenyewe, jasho lake linakuwa sehemu ya sadaka. Akiwaachia kamati, amewapa gari na amewapa kazi.

BINTI: Baba, kuna la nyumbani pia. Kaka hajaambiwa.

MWENYE GARI: Gari ni langu.

BINTI: Ni lako, hakuna anayebisha. Lakini alijifunzia gia ndani yake. Akisikia kwa watu kwamba limeuzwa, atakuja kumkasirikia Mweka Hazina badala ya kuzungumza na wewe. Mpigie simu leo, kabla ya mnunuzi yeyote.

MWENYE GARI: Nitampigia.

FUNDI: Mimi nitaandika ripoti ya ukaguzi, ukurasa kwa ukurasa, na picha za namba zote. Hata kasoro nitaziandika. Kuna kutu kidogo kwenye mdomo wa tao la gurudumu la nyuma kulia. Mnunuzi akiisoma kwetu kwanza, ataamini na mengine.

MWEKA HAZINA: Na pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, yenye saini tatu. Tangu sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipoanza kutumika Mei 2024, nataka kila kitu kiwe na karatasi. Na tafadhali, hundi kubwa ya kadibodi msiniletee. Wala msiwapange watoto mbele ya kamera.

MWALIMU: Bado hamjanijibu mimi.

Ni kweli, hajajibiwa, na sidhani kama anaweza kujibiwa hadi aridhike. Mimi nipo na Mweka Hazina kuhusu kuuza. Lakini ningelitangaza gari kwa Wakenya kwanza, kwa bei ya haki iliyowekwa na mtu anayejua, kabla ya kulifungulia dunia. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ningependa libaki. Tofauti ikiwa ni karo ya watoto kumi, siwezi kumtazama nyanya wa Mbeere usoni nikamwambia habari za urithi wa Safari.

BINTI: Miezi sita kwa Wakenya. Nitaanza kulitangaza wiki hii.

MWALIMU: Miezi sita ni michache. Mkenya mwenye pesa hizo huenda yuko Mombasa, au Dubai, wala hajui kama tunazungumza.

BINTI: Ndiyo maana naanza wiki hii. Lakini nikuambie ukweli, Mwalimu. Siku ya mwisho ikifika na aliyebaki ni Mmarekani, nitamuuzia.

MWALIMU: Basi niachieni nakala za hati zote, na picha. Na Mzee aniketishe jioni moja anieleze lilikotoka, niandike.

FUNDI: Na mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla gari halijawashwa mbele ya mnunuzi yeyote. Mikanda hii hubadilishwa kila kilomita laki moja, na gari hili limeshazipita. Mkanda ukikatika, vali zinagonga pistoni, na hapo tutakuwa tunauza bodi. Gharama tuiandike wapi? Tukate kwenye pesa za watoto?

MWENYE GARI: Hapana. Iandike upande wangu.